Umetoka Lukenya, umetua Delft: ukumbi, klabu au safari ya Freyr?

Wiki yangu ya kwanza Delft, Uholanzi, nilipanda ngazi 376 za mnara wa kanisa la Nieuwe Kerk, kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kupanda. Mnara una karibu mita 109. Ukifika kwenye jukwaa la juu unaiona Rotterdam upande mmoja na The Hague upande wa pili, na katikati hakuna hata kichuguu. Viatu vyangu vya kukwelea miamba vilikuwa chini ya kitanda, vumbi la Lukenya, kilima cha miamba nje ya Nairobi, likiwa bado limeng'ang'ania kwenye mpira wa nyayo. Nikajiuliza ni nani aliyenishauri kuvibeba.

Wengi wetu huletwa huku na masomo: maji pale IHE Delft, kilimo Wageningen, ramani na picha za satelaiti ITC kule Enschede. Hakuna anayeichagua Uholanzi kwa ajili ya miamba. Sehemu ya juu kabisa ya nchi hii huku Ulaya ni Vaalserberg, mita 322 na kitu, kilima cha kupandwa na bibi mwenye kikapu. (Ukihesabu visiwa vya Karibea kuna volkano ya kisiwa cha Saba inayozidi mita 800, lakini hiyo haitakusaidia Jumamosi.) Karibu robo ya nchi iko chini ya usawa wa bahari, uwanja wa ndege wa Schiphol ukiwemo. Yaani mtu wa Nairobi, aliyezoea kuishi mita 1,700 hivi juu ya bahari, hutua chini ya bahari kabla hajakutana na afisa wa uhamiaji. Kusini, huko Limburg, kuna jiwe la njano wanaloliita mergel, lakini ni laini kiasi kwamba watu walilikata kwa misumeno kujengea nyumba. Si la kukwea.

Nimekwea nikiwa hapa kwa miaka minne ya uzamivu, bila gari, kwa posho ya ufadhili. Yanayofuata ni ulinganisho wa njia nilizojaribu, na hukumu yangu juu ya kila moja.

Mtu kwanza, mwamba baadaye

Nilianza vibaya. Miezi miwili nilikaa nikisoma ramani za magenge ya miamba ya nchi jirani: Freyr (Ubelgiji), Berdorf (Luxembourg), Nideggen na Ith (Ujerumani). Nilijua kila genge linatazama upande gani na jua hulifikia saa ngapi. Sikumjua hata mtu mmoja wa kunishikia kamba ili nikiteleza nisifike chini. Nyumbani hili halikuwa swali. Ulikuwa unajitokeza na watu wa Mountain Club of Kenya, mnapanda gari mpaka Lukenya, na kufikia saa nne asubuhi umeshafungwa kwenye kamba ya mtu ambaye jina lake hujalishika sawasawa. Huku mwamba wa karibu uko nchi nyingine, na hakuna anayesafiri saa tatu na mtu asiyemjua. Kwa hiyo chaguo lako la kwanza ni la watu, na watu wanapatikana sehemu nne.

Ya kwanza ni klabu za wanafunzi. Karibu kila mji wa chuo kikuu una klabu yake ya milima: Delft kuna Yeti, Enschede kuna TSAC, Wageningen kuna Ibex, Utrecht kuna USAC. Wana jioni yao ya kukwea kila wiki, wana kozi, wana stoo ya vifaa vya kuazima, na wikendi za masika na kiangazi hukodi magari kwenda Ardennes, vilima vya Ubelgiji, mnachangia mafuta. Kwa mtu mwenye posho hakuna kinachokaribia hapo kwa bei. Nilipopiga hesabu, wikendi moja na klabu ilinigharimu chini ya nusu ya ile niliyojipangia mwenyewe kwa treni.

Tatizo ni umri na lugha. Utakuwa na miaka 31 katikati ya vijana wa miaka 20 ambao hulala saa nane usiku na kuamka wakiwa wazima. Kiingereza kinatosha mchana kutwa, lakini usiku kwenye moto vichekesho ni vya Kiholanzi, nawe unacheka sekunde tatu baada ya wenzako. Nilivumilia, na kufikia mwaka wa pili nilikuwa mzee wa kambi anayepika, cheo ambacho sikukiomba. Jambo la kuuliza mapema: je, kadi yako ya chuo inakubalika? IHE, kwa mfano, si sehemu ya TU Delft, chuo kikuu cha ufundi cha mji huo, kwa hiyo usidhani mlango wa michezo uko wazi. Uliza kabla hujalipa.

Ya pili ni NKBV, chama cha taifa cha kukwea na milima. Kilizaliwa 1998 kwa kuunganisha vyama viwili, na mzizi wake mkongwe unarudi hadi 1902, jambo ambalo kwa nchi isiyo na mlima ni ubishi wa kupendeza. Kadi yake ni muhimu kuliko watu wake, samahani kusema. Kadi ndiyo inayokufungulia magenge ya Ubelgiji, na kupitia chama unaweza kununua bima inayogharamia uokoaji milimani. Wanachama wake kwa wastani ni watu wazima, wana magari, wana thermosi za kahawa, na hupanga safari ya Juni mnamo Januari. Kama una kazi ya kudumu na utakaa miaka, hawa ni wako. Kama una miezi 12 tu ya shahada ya uzamili, utakapozoeana nao utakuwa unafunga sanduku.

Ya tatu ni ukumbi wa kukwea bila kamba, ule wa kuta fupi na magodoro mazito chini. Huhitaji mtu. Unalipa, unaingia, unaanguka. Lakini ndipo watu wanapozungumza zaidi, kwa sababu muda mwingi mnakaa chini mkitazama tatizo lilelile la rangi ya zambarau (ndivyo njia hizo fupi zinavyoitwa) ambalo nyote limewashinda. Mshika kamba wangu wa miaka mitatu nilimpata hapo. Wiki ya kwanza tulitikisiana kichwa. Ya pili alinionyesha mahali pa kuweka kisigino. Ya tatu nikamuuliza kama anakwea na kamba pia, akatoa simu, akafungua kalenda, akasema: "Alhamisi ya tarehe 14, saa moja na nusu jioni?" Ilikuwa tarehe 22 ya mwezi uliotangulia.

Hilo la kalenda inafaa nilieleze, kwa kuwa ndilo linalowakatisha tamaa wengi wetu kuliko baridi. Kwetu "tutaonana Jumamosi" ni ahadi. Kwa Mholanzi ni salamu. Asipoandika tarehe na saa, hakuna kilichokubaliwa, na hakudharau. Hivyo ndivyo anavyoishi. Akishaandika, atakuja hata kwa baiskeli kwenye mvua ya upande. Jifunze kuandika.

Ya nne ni wenzetu. Hii wengi huisahau. Nilimfundisha dada mmoja Mtanzania, mzaliwa wa Moshi, aliyekuwa ameshafika kilele cha Kilimanjaro lakini hajawahi kugusa kamba ya kukwelea. Ilichukua wiki sita, jioni mbili kwa wiki, kabla sijakubali anishikie nikiwa natangulia, yaani nikipanda na kamba ikitokea chini, nikiipachika mwenyewe njiani. Ni njia ya polepole na ina gharama: wiki hizo sita wewe hukwei vya maana. Lakini kuna kitu kinachopatikana unapopigiwa kelele "Shika! Shika! Pumua kwanza!" kwa Kiswahili, ukiwa mita 12 juu na mguu unatetemeka kama cherehani, ambacho Kiingereza cha adabu hakina.

Nikilazimishwa kuzipanga: kwa mwanafunzi, klabu kwanza na ukumbi wa bila kamba sambamba. Kwa mfanyakazi, NKBV na ukumbi. Wenzetu ni kwa kila mtu, mradi uwe na subira na uwe wewe mwenyewe unajua unachofundisha.

Utaulizwa cheti

Huku kumbi za kamba hazikuruhusu kumshikia mtu kamba mpaka uonyeshe kwamba unaweza. Kuna vyeti vya ujuzi: cha kamba iliyokwisha kupitishwa juu, cha kutangulia ndani ya ukumbi, na cha kutangulia nje kwenye mwamba. Huna cheti? Unapimwa papo hapo.

Nilikwenda kwenye ukumbi mmoja na kiburi cha miaka kumi ya Lukenya na Hell's Gate. Kijana wa zamu, mpole kabisa, akaniangalia nikimshikia mwenzake kamba, kisha akaniambia sijafaulu. Mkono wangu wa breki ulikuwa unateleza juu zaidi ya inavyotakiwa kila nilipovuta kamba iliyolegea. Nilikasirika njia nzima ya kurudi. Nyumbani nikajirekodi kwa simu, nikafunga kamba kwenye mpini wa mlango. Kijana alikuwa sahihi.

Kwa hiyo usilichukulie kama ubaguzi wa pasipoti. Kagua mambo matatu kabla hujaenda: fundo la umbo la nane lililofuatishwa vizuri, mkono wa breki usiobanduka, na ukaguzi wa pande zote mbili kabla mguu haujaondoka chini. Utakuta wengi wanatumia vifaa vinavyojibana vyenyewe kamba ikivutwa ghafla, kama Grigri ya Petzl, na mtu aliyezoea kifaa cha kawaida cha kupitisha kamba atahitaji jioni moja ya kukizoea. Kinajibana, ndiyo, lakini hakifikiri kwa niaba yako.

Ukumbi mfupi au ukumbi mrefu?

Hapa sitakawia. Ukumbi wa bila kamba unajenga vidole na mabega haraka, tiketi ya siku ni euro kumi na kitu, na unaweza kwenda saa yoyote peke yako. Delft kuna Delfts Bleau, jina linalocheza na vyungu vya bluu vya mji huo na msitu wa Fontainebleau ambao Wafaransa wanauita Bleau. Ukumbi wa kamba unajenga pumzi, kichwa, na ule utulivu wa kukaa juu ya vidole vya miguu huku mikono inaungua, ambao ndio utakaouhitaji kwenye mwamba wa kweli. Aliyefanya mazoezi ya ukuta mfupi majira yote ya baridi hufika Freyr mwezi wa Aprili na nguvu za simba na pumzi ya mvuta sigara. Nimekuwa mtu huyo.

Kidole kimoja hakivunji chawa, wahenga walisema, na wakweaji watakuambia vidole kumi navyo vina mwisho. Kama unaweza kumudu usajili wa mahali pamoja tu, chukua mfupi mwaka wa kwanza kwa ajili ya watu, hamia mrefu mwaka wa pili ukishapata mshika kamba.

Kuna mnara mmoja unaostahili safari hata kama huishi karibu: Excalibur, pale Bjoeks, Groningen. Ni ukuta wa nje wa mita 37 uliojengwa kama upanga uliopinda, kiasi kwamba kilele chake kinaning'inia mita 11 mbele ya kitako. Ukiutazama kutoka mbali kwenye tambarare ile, na ng'ombe chini, unaelewa kwamba watu hawa walipokosa mlima waliamua kuuchora wenyewe. Nilifika theluthi mbili ya njia rahisi, upepo wa kaskazini ukanikumbusha kwamba sikula. Nilishuka.

Sasa miamba, na hapa ndipo pa kuchagua kwa makini

Freyr, Ubelgiji. Hili ndilo genge la nyumbani la Waholanzi, ingawa si lao. Ni kuta za mawe ya chokaa juu ya mto Meuse, karibu na Dinant, zikitazamana na kasri upande wa pili wa maji. Ukuta mkubwa kuliko yote, Al'Lègne, hukaribia mita 120, kwa hiyo unakwea urefu wa kamba ya kwanza, unajifunga, unamvuta mwenzako, mnaendelea. Kwa gari kutoka Utrecht ni karibu saa tatu. Kwa treni unapitia Brussels na Namur, kisha karibu nusu saa hadi Dinant, halafu kilomita kadhaa za miguu au baiskeli kando ya mto.

Nilipenda nini? Urefu. Ni mahali pekee kwa umbali ule ambapo nilihisi tumbo likiingia ndani kama nilivyohisi Hell's Gate, kwenye Main Wall. Hapa Meuse ni uzi chini. Nilichukia nini? Mwamba umesuguliwa na viatu vya vizazi mpaka sehemu za kukanyaga zinang'aa kama sakafu ya benki, na bolti za njia rahisi (vyuma vilivyopachikwa mwambani vya kupitishia kamba) zimeachana mbali kuliko utakavyotarajia kutoka ukumbini. Njia ya daraja la ugumu 5c, ambalo kwenye karatasi si gumu, iliniondolea heshima yote niliyokuwa nimejilimbikizia kwenye plastiki ya ukumbini. Anza madaraja mawili chini ya unayokwea ndani. Na beba kadi ya chama: bila NKBV au vyama vya Ubelgiji huna ruhusa. Baadhi ya sehemu hufungwa majira ndege wanapotaga, soma ubao uliopo.

Si mbali na hapo kuna Marche-les-Dames, karibu na Namur, ambako Mfalme Albert wa Kwanza wa Ubelgiji alianguka akikwea na kufa tarehe 17 Februari 1934. Alikuwa peke yake kwenye mwamba. Kila ninapopita Namur na treni humkumbusha yeyote niliye naye kufunga kofia yake ya kukwelea.

Berdorf, Luxembourg. Hapa ndipo pangu, nakiri upendeleo. Ni msitu wenye korongo za mawe ya mchanga ya rangi ya asali, kuta zilizosimama wima, kivuli, na ukimya. Ni mbali kidogo kuliko Freyr kwa gari, karibu saa nne kutoka Utrecht, lakini kwa asiye na gari hesabu inageuka: tangu 2020 mabasi, tramu na treni za daraja la pili ndani ya Luxembourg ni bure kwa kila mtu, mgeni na mwenyeji. Unalipa mpaka mpakani, kisha basi linakupeleka mpaka kijijini bila senti. Kuna kambi ya mahema, kuna duka la mikate. Kukwea kunaruhusiwa eneo la Wanterbaach, na unaomba kibali cha serikali kabla ya kwenda. Fanya hivyo mapema, usisubiri usiku wa Ijumaa.

Sharti moja halina mjadala: mawe ya mchanga yakilowa hayakwewi. Maji huyalainisha, na unachokishikilia kinavunjika na kubaki mkononi mwako, na njia iliyodumu miaka inaharibika kwa sababu ya haraka yako. Nilisafiri siku nzima mara moja, mvua ikanyesha usiku, nikashinda siku inayofuata natembea njia za msituni nikiwa na kamba mgongoni kama mtu anayepeleka ng'ombe mnadani bila ng'ombe.

(Luxembourg hiyohiyo ndiyo yenye kijiji cha Schengen, kwenye mto Moselle, kilichoupa jina mkataba wa 1985. Kadi yako ya ukaazi ya Uholanzi inakuruhusu kutembelea nchi hizi zote kwa muda mfupi, ila beba na pasipoti. Ndani ya basi lenye watu 40, anayeulizwa karatasi tunamjua.)

Nideggen na Ettringen, Ujerumani. Nideggen iko Eifel, mawe mekundu ya mchanga yenye kokoto zilizojipachika ambazo unazishika huku unaomba zisichomoke. Karibu kuliko kote ukitokea kusini mwa Uholanzi, na treni ndogo kutoka Düren inakufikisha bondeni. Sheria zake za hifadhi ni kali: vibali vina kikomo na maeneo yaliyoruhusiwa ni yale tu. Ettringen ni machimbo ya zamani ya basalti, kuta za giza zenye nyufa zilizonyooka. Kama ulijifunza Kenya kwa kuchomeka vyuma kwenye nyufa badala ya kufuata bolti, hapo utajiona mtu tena, huku Waholanzi wa ukumbini wakihangaika kukunja ngumi ndani ya ufa. Mwanafunzi wa Enschede afahamu pia Ith, ukingo mrefu wa mawe ya chokaa karibu na Hameln. Kwake ni jirani kuliko Freyr, wala asiburuzwe kusini na mazoea ya watu wa Delft.

Fontainebleau, Ufaransa. Msitu wa majabali kiasi cha kilomita 60 kusini mwa Paris. Hakuna kamba. Unabeba godoro mgongoni, unaliweka chini ya jabali, unakwea mita tatu au nne, unaanguka, unarudia mpaka jua linazama. Njia zimechorwa mishale ya rangi kwenye mawe, mzunguko mmoja ukiwa na majabali 30, 40 au zaidi: njano ni rahisi, kisha chungwa, bluu, nyekundu, halafu nyeusi na nyeupe kwa wenye vidole vya chuma. Mizunguko hii ilianza kuchorwa 1947. Mzee wa miaka 70 mwenye kitambaa cha kufutia viatu atakupita kwenye chungwa kama anapanda ngazi za nyumba yake, na hatakutazama.

Kwa gari kutoka Utrecht ni saa tano hadi sita. Kwa treni unafika Paris, unabadilisha pale Gare de Lyon, na dakika 40 hivi baadaye uko Fontainebleau-Avon. Shida ni kilomita zilizobaki na lile godoro, ambalo ndani ya metro ya Paris ni sawa na kubeba mlango. Faida yake kubwa kwa mtu mpya ni kwamba hamhitaji kuaminiana maisha. Mtu uliyemjua wiki mbili anatosha; kazi yake ni kusogeza godoro na kukuelekeza mgongo uangukie juu yake. Na msimu wake ni kinyume cha Ardennes: majira ya baridi yaliyo makavu ndiyo bora, mkono hautoki jasho. Freyr ni ya Aprili hadi Oktoba.

Angalizo la madaraja: 6A ya majabali ya Fontainebleau si 6a ya njia za kamba. Ni ngumu zaidi, na sana. Wengi hufika wakijiita watu wa 6a na kurudi wakijiita watalii.

Kwa mwenye haraka:

| Mahali | Mwamba | Bila gari | Lazima uwe na |
|---|---|---|---|
| Freyr | Chokaa, hadi karibu mita 120 | Inawezekana, kwa jasho | Kadi ya chama, mshika kamba mzoefu |
| Berdorf | Mchanga, njia za kamba moja | Nzuri, mabasi bure | Kibali, siku kavu |
| Nideggen | Mchanga mwekundu | Nzuri | Kibali chenye kikomo |
| Ettringen | Basalti, nyufa | Ngumu | Vyuma vyako na ujuzi wa kuvichomeka |
| Fontainebleau | Majabali, bila kamba | Ya kati, godoro linaudhi | Godoro, siku kavu |

Kwa hiyo wewe uchague nini?

Una mwaka mmoja, huna gari, hujawahi kutangulia nje: jiunge na klabu ya wanafunzi, usajili ukumbi wa bila kamba, na lengo lako liwe Fontainebleau wikendi moja ya Machi na Berdorf wikendi moja ya Mei. Achana na Freyr. Najua kila mtu atakuambia Freyr, lakini kuta zile zinataka mtu anayejua kujitoa kwenye shida akiwa juu, na huyo huwezi kuwa kwa miezi kumi ya plastiki.

Una miaka minne kama niliyokuwa nayo: kadi ya NKBV mwaka wa kwanza, cheti cha kutangulia nje mwaka wa pili, na tafuta mshika kamba mmoja wa kudumu badala ya marafiki kumi wa kalenda. Baada ya hapo Freyr itakuwa yako, na Ettringen ukiwa na mtu mwenye gari.

Ulikuwa tayari mkweaji mzuri Kenya: shida yako si mwamba, ni kukubali kupimwa na kijana wa miaka 19. Kubali wiki ya kwanza, umalize.

Una familia na Jumamosi moja tu kwa mwezi: ukumbi wa kamba mjini kwako, na watoto waje. Nimeona wazazi wakijilazimisha safari za saa sita kwa ajili ya saa tatu za kukwea, wakarudi Jumapili usiku wakiwa hawazungumzi na mtu ndani ya gari.

Na mizigo: njoo na viatu na mkanda wa kiunoni, kwa kuwa hivyo vinajua mwili wako. Kamba iache. Ya mita 60 hula karibu kilo nne za sanduku, klabu inayo, na kama ina historia ya jua la Lukenya hakuna Mholanzi atakayefungwa nayo. Helmeti njoo nayo ikiwa haijapata kipigo. Chaki ya kukausha mikono nunua huku. Unga mweupe ndani ya mfuko usio na jina, Schiphol, saa kumi na mbili asubuhi, ni mazungumzo marefu.